Wakiita "Eli…", nusu ya benchi inasimama

Pale stendi ya Moshi konda hatamki neno likakamilika. "'Rusha 'rusha 'rusha, bado wawili!" Ile A ya mwanzo ameimeza zamani, gari la jirani linapiga muziki, wapiga debe wanamgombea abiria mmoja mwenye begi kubwa, na bado hujasikia mtu aliyekuwa anakwenda Arusha akajikuta Himo eti kwa sababu konda hakutamka vizuri. Sasa nenda hospitali, yoyote kubwa ya huku kwetu. Ukilinganisha na stendi, pale ni kimya cha kanisani. Nesi anaita taratibu, Kiswahili safi, tena kwenye maiki. Na watu hawasikii. Anaita mara ya pili, ya tatu, anaweka faili pembeni, na baadaye bibi wa watu anaambiwa kwamba hayuko makini.

Nina maoni yangu hapa, na najua ndugu zangu wa mapokezi hawatayapenda. Masikio ya wagonjwa yanasingiziwa. Lafudhi ya nesi nayo inasingiziwa. Shida ni kwamba tumeamua kuwaita watu kwa kitu kigumu kuliko vyote kusikika, yaani jina, halafu jina lenyewe tunalitupa hewani peke yake, bila neno la kulitangulia.

Tuanze na konda, kwa sababu yeye bila kusoma popote ameshika siri ya mchezo. Mwaka 1951 Wamarekani watatu, George Miller, Heise na Lichten, waliwasikilizisha watu maneno yaliyochanganywa na kelele. Kilichobadilika kilikuwa idadi ya maneno ambayo msikilizaji anaambiwa mapema kwamba huenda yakatajwa: mara mawili tu, mara thelathini na mawili, mpaka elfu moja. Neno likiwa miongoni mwa mawili, watu walilipata hata kelele ikiwa imelizidi. Neno hilohilo likiwa miongoni mwa elfu, kelele ikiwa ileile, linapotea. Abiria anayeingia stendi ya Moshi ana majina sita au saba kichwani: Arusha, Himo, Marangu, Rombo, Machame, Same, basi. "'Rusha" inamtosha kabisa. Konda angeweza hata kubakiza "'sha" na gari likajaa.

Kwa hiyo kusikia ni kuchagua, na uchaguzi wenyewe unaanza mapema mno. Sikio halisubiri neno liishe. Mwaka 1973 William Marslen-Wilson alionyesha kwamba wapo watu wanaoweza kumfuatilia msomaji na kurudia maneno yake wakiwa nyuma yake kwa robo sekunde tu, sawa na silabi moja hivi, huku wanaelewa wanachokisema. Yeye na wenzake baadaye wakatoa maelezo ambayo wataalamu wanabishania hadi leo lakini hakuna anayeyatupa: sauti za kwanza zikiingia, kichwa kinaamsha kwa mpigo kila neno unalolijua linaloanza hivyo, kisha kila sauti inayofuata inayaengua mengine mpaka libaki moja. Mtu akisema "ki", wameamka kiatu, kisu, kiazi, kitabu na mamia ya wenzao. Akifika "kita", wamebaki kitabu, kitanda, kitambaa na ndugu zao. Akifika "kitambu", kuna kitambulisho peke yake, na silabi mbili za mwisho bado ziko mdomoni mwa msemaji.

Sasa lichukue jambo hilo uliweke kwenye benchi la hospitali ya Kilimanjaro au Meru. Sisi wa huku, hasa upande wa Walutheri, tuna Elibariki, Elirehema, Elisante, Elifuraha, Elihuruma, Eliapenda, Elinami, Eliamani, na sijamaliza. Nesi akisema tu "Eli…", wanaoamka ni watu wazima na akili zao. Mzee wa mbele ameshashika fimbo. Mama mwenye kitenge cha bluu ameshakatiza video ya WhatsApp na kutumbukiza simu kwenye pochi. Kijana aliyeleta baba yake ananyoosha shingo. Jina linapata cha kulitofautisha kuanzia silabi ya tatu, kwenye "re" au "ba" au "sa", na ndipo hapo mtoto wa mtu anapokohoa.

Kikohozi nacho kina utafiti wake. Mwaka 1970 Richard Warren alichukua sentensi iliyorekodiwa, akakata kabisa sauti moja katikati ya neno, akapachika kikohozi mahali pake. Akawasikilizisha watu 20 na kuwauliza kama kuna sauti iliyokosekana. Watu 19 wakasema hakuna. Wa ishirini alisema ipo, akaitaja isiyo yenyewe. Wote walikuwa wamejaziwa na vichwa vyao wenyewe, na waliisikia ile sauti isiyokuwepo kama walivyozisikia nyingine. Kwenye sentensi hiyo ni neema, ndiyo inayotufanya tuzungumze barabarani na bodaboda zikipita. Kwenye jina ni mtego. Kichwa kinajaza kile kinachokitarajia, na kila aliyeketi pale anatarajia jina lake. Ndiyo maana utaona watu wawili wanafika dirishani kwa wito mmoja, na kila mmoja yuko tayari kuapa kwamba ameitwa yeye. Hakuna anayedanganya.

Ukitoka kwenye majina ya ubatizo ukaingia kwenye koo, hali inazidi. Paul Luce na David Pisoni waliandika mwaka 1998 kuhusu maneno yenye majirani wengi, yaani maneno yanayopishana na mengine kwa sauti moja tu: hutambulika polepole zaidi na watu huyakosea zaidi. Nikisoma maelezo yao naona daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Kibosho. Mushi, Moshi, Mosha. Shayo na Shao. Kimaro na Kimario. Chukua Moshi na Mosha. Kiswahili kinatia nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo "Mo" inatoka imeshiba na ya mwisho inatoka imelegea. Ukumbi una sakafu ya vigae, kuta tupu, dari la juu na spika imening'inia kwenye kona. "Mo" bado inazunguka kwenye kuta wakati "shi" au "sha" inatamkwa, na tofauti nzima ya koo mbili imewekwa kwenye irabu hiyo moja iliyolegea. (Arusha wana la kwao. Ita "Mollel" kwenye foleni yoyote ya Arusha uhesabu wanaoitika. Hilo halihusiani na kusikia, ni wengi tu.)

Watu huniambia: mbona tukiongea tunaelewana vizuri? Tunaelewana kwa sababu maneno yanabebana. Miaka ya 1960, Pollack na Pickett walirekodi mazungumzo ya kawaida, wakakata neno mojamoja na kulisikilizisha peke yake. Takriban nusu tu ndiyo yaliyotambulika. Maneno yaleyale, ambayo ndani ya mazungumzo hakuna aliyeyatilia shaka. Kiswahili chetu kina msaada wa ziada, kwa sababu ngeli zinatangulia kutoa taarifa. Nikikuambia "niletee kile ki…", umeshaondoa nyumbani kila kitu ambacho si cha ki, na kama tuko mezani umebaki na kijiko na kikombe. Jina la mtu halina ngeli ya kulitangulia wala kitenzi cha kulisukuma. Linatua tu.

Halafu karani anasoma majina matatu kwa pumzi moja. Ukweli ambao wengi hawaujui ni kwamba kati ya neno na neno mara nyingi hakuna kimya chochote. Nafasi tunazozisikia tunazikata wenyewe kichwani, kwa kujua maneno. Anne Cutler, aliyefariki mwaka 2022, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye swali hilo la pa kukata. Pamoja na Katherine Demuth na James McQueen waliwapima hata wasemaji wa Kisotho, lugha ya Kibantu kama yetu, na kuona kwamba nao wanalikataa pande lolote litakaloacha makombo yasiyo na irabu, yaani konsonanti tupu. Ndiyo sababu mtu akikuambia "nimemwona dada" huwazi ada yoyote, ingawa "ada" imo humo ndani nzimanzima: ukiitoa, ile "d" haina pa kwenda. Lakini ujanja huo unahitaji uwe unayajua maneno. Jina la baba mkwe wa mtu kutoka Usseri, likiunganishwa na mengine mawili bila kupumua, utalikatia wapi?

Najua pingamizi linalokuja. Jina lako mwenyewe unalijua, utalisikia hata usingizini. Imani hii imeota mizizi, na ina chanzo cha kweli: mwaka 1959 Neville Moray aliwapa watu ujumbe mmoja sikio hili na mwingine sikio lile, akawaambia washughulike na mmoja tu, na baadhi yao wakalinasa jina lao lilipotajwa upande waliokuwa wameupuuza. Baadhi. Wood na Cowan walipolirudia jaribio hilo kwa uangalifu mwaka 1995, walionasa walikuwa takriban theluthi moja. Theluthi mbili jina lao lilipita sikioni wakiwa wameshughulika na jambo jingine. Kwenye benchi jambo jingine ni mume wa jirani, bei ya mbolea, na yule wa kulia anayekuonyesha picha ya eksirei yake bila kuombwa.

Tena hapo tumedhani kwamba jina linaloitwa ndilo mtu analoitikia. Mama yangu kwenye kadi ni Eliapenda. Tangu apate kipaimara sidhani kama kuna aliyemwita hivyo zaidi ya Serikali. Mtaani ni Mama Joseph, kanisani ni Bibi Mushi, sokoni wanamwita Bibi wa Mshare kwa sababu ya ndizi zake. Kliniki ya presha wanaita "Eliapenda" na yeye amekaa ametulia, macho kwenye maiki, anasubiri aitwe. Siku moja nesi alitoka mwenyewe mpaka kwenye benchi.

"Shikamoo bibi. Nimekuita mpaka koo limekauka, ulikuwa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Niko hapahapa tangu saa moja. Nimesikia unaita Eli nani sijui, nikasema huyo naye amekwenda wapi."

Lafudhi nitaigusa haraka, kwa sababu inapewa lawama kuliko inavyostahili. Nesi ametoka Tanga au Mwanza, anakutana na Nnko, Nkya, Lyimo, Ndesamburo, anasoma kadiri ya uwezo wake. Watu wanacheka. Lakini sikio la binadamu linaizoea lafudhi ngeni upesi mno. Clarke na Garrett walionyesha mwaka 2004 kwamba chini ya dakika moja ya kusikiliza sentensi inatosha kupunguza ugumu. Sharti ni hiyo dakika. Sauti ikija kama jina moja, kisha kimya, kisha jina jingine la mtu mwingine, hakuna cha kulizoesha sikio. Aliyeingia sasa hivi na kuketi anakutana na sauti ngeni, lafudhi ngeni na jina lake, vyote ndani ya sekunde moja.

Wazee ndio wanaoonewa zaidi. Umri ukienda, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na konsonanti kama s, sh, f na th zinaishi huko juu. Irabu ziko chini, zinabaki. Kwa hiyo mzee anakuambia "nasikia, ila sielewi", na anasema kweli tupu: sauti inafika, neno halifiki. Sasa soma tena orodha ya koo zetu uone ni ngapi zinategemea s na sh. Mushi, Shayo, Swai, Massawe, Shirima, Urassa. Nesi anadhani mzee hasikii, anapaza sauti, na ukipaza sauti unazikuza zaidi irabu ambazo mzee alikuwa anazipata tangu mwanzo. Anapigiwa kelele na bado haelewi, na juu ya hayo ukumbi mzima umejua kwamba ni kiziwi. Kusema polepole, ukimtazama usoni, kunamsaidia kuliko kelele, kwa sababu midomo nayo husikika. McGurk na MacDonald walithibitisha mwaka 1976 kwamba macho yanabadilisha hata sauti ambayo mtu anadhani ameisikia kwa sikio. Lakini spika ya kwenye kona haina midomo.

Wapo ambao hawakubahatisha kamwe. Nusu ya njia kati ya Moshi na Arusha uko uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, na pale rubani na mwongoza ndege wakitaka kutaja herufi hawasemi B wala D, kwa sababu B, D, P na T kwenye redio ni kitu kimoja. Wanasema Bravo, Delta, Papa, Tango, alfabeti iliyokamilishwa mwaka 1956, ambayo maneno yake yalijaribiwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali mpaka yakabaki yasiyofanana. Na tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili zilipogongana kwenye uwanja wa Tenerife na kuua watu 583, moja ya sababu ilikuwa maneno ya redio yaliyoeleweka sivyo. Baada ya hapo neno la kuruka likawekewa masharti: linatamkwa tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, mahali pengine pote linatumika neno jingine. Walipunguza yanayowezekana kusikika, kama konda.

Na hapo Arusha kwenye jengo la mikutano la AICC, miaka yote ya mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, walikuwepo wakalimani wanaosikia lugha moja na kutamka nyingine. Wenye kazi hiyo popote duniani wana ombi moja wasilochoka kulirudia: tupeni majina kabla. Sentensi ndefu ya wakili wataimudu, maana inajibeba. Jina la mtu au la kijiji likija ghafla ndilo linalowaangusha. Ikiwa mtu anayelipwa kwa kusikia anaomba orodha mapema, bibi wa presha aliyeamka saa kumi alfajiri anapewa nini?

Ningekuwa na mamlaka ya saa moja kwenye dirisha la dawa, ningeanza na sentensi. "Dirisha namba mbili, dawa za presha, namwita…" Maneno hayo hayana habari mpya, lakini yanampa msikilizaji nafasi ya kuishika sauti, na wasio wa presha wameshajitoa kwenye kinyang'anyiro, orodha imepungua kabla jina halijatajwa. Kisha jina, kituo, jina, kituo. Kisha lirudiwe lote. Kutaja na kijiji kungesaidia, Mushi wa Kibosho, Mushi wa Uru, ndivyo tunavyotambuana tangu zamani, ila sipendi ukumbi mzima ujue nani wa wapi anaumwa nini. Ndiyo maana moyoni naunga mkono namba. Kwenye lile jaribio la 1951, tarakimu ndizo zilizosikika kwa wepesi kuliko vyote, kwa sababu ziko chache na kila mtu anazijua zote.

Tatizo la namba ni namna tunavyozisoma. Sitini, sabini, tisini: mkia ni uleule, na mwanzo wake ndio hizo s na t zinazomezwa na spika. Mtu mwenye sitini na nne atasimama kwa tisini na nne bila kosa lake. Isomwe tarakimu moja moja, tisa, nne, kama watu wanavyotajiana namba ya simu wakati wa kutuma pesa; pale pesa inaweza kupotea, na kila mtu hujikuta amekuwa makini bila kufundishwa.

Kuna wanaosema namba inamshushia mgonjwa utu. Heshima ya jina ihifadhiwe kwa pale dirishani, ana kwa ana, na hata hapo kuna jambo nimeliona linalonitisha. Mhudumu ameshika pakiti ya dawa, anauliza, "Bibi, wewe ndiye Elirehema?" Bibi, ambaye amepata irabu tu na anaona aibu kusema "eeh?" kwa mara ya tatu, anaitikia kwa kichwa. Amekabidhiwa dawa. Aulizwe kinyume chake: "Shikamoo bibi, jina lako kamili nani?" Yeye ndiye aseme, na mwenye kadi mkononi ndiye asikilize, maana yeye jina analo limeandikwa mbele yake na kati ya majina yote duniani anasubiri moja tu.